Kempa ya Ford Mgongoni mwa Hilux

Kempa ya paa la kuinuka ni sanduku la kulala linalowekwa kwenye bodi la pikapu. Ukiwa safarini paa limelala, na kitu kizima kinaizidi kebini kwa kimo kidogo tu. Ukifika, unafungua vibano vya nje, unaingia ndani umeinama, unaweka mgongo kwenye paa na kusukuma. Mbao mbili zenye bawaba, moja mbele na moja nyuma, zinajikunjua na kusimama, kuta za turubai zinakazika, na wewe unanyooka. Wamarekani wamezitengeneza kwa miongo mingi kwa ajili ya pikapu zao kubwa. Hapa Tanga sijaona nyingine zaidi ya hii yangu, na hii yenyewe nilipoikuta ilikuwa inauza sharubati ya ukwaju Pongwe.

Mzee mwenye kibanda alinieleza kwamba sanduku lilifika juu ya Ford F-150 yenye usukani kushoto, mali ya mume na mke wazungu waliokuwa wanaizunguka Afrika. Injini ikawashinda, wakaliuza gari kama lilivyo, gari likachinjwa kipande kwa kipande, na sanduku likabaki kwa sababu hakuna aliyejua la kulifanyia. Yeye akalitoboa dirisha ubavuni, akaweka kaunta, akaning'iniza mafungu ya machungwa kwenye vibano vya paa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ya baridi au isiyo ya baridi?"

"Nakitaka kibanda chenyewe."

Alicheka, akanimiminia glasi, akawaita wanawe waje wamsikilize huyu mama. Bei tulipatana baada ya mimi kukubali kumjengea kibanda kingine cha mbao na bati, palepale, kabla sijaondoka na hiki. Kwa maoni yangu alinipiga bao, maana kibanda chake kipya hakivuji.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake atake sanduku bovu la Kimarekani. Kazi yangu ni viungo. Nanunua iliki, pilipili manga na mdalasini kwenye vijiji vya Usambara Mashariki, huko Amani na kandokando yake, ambako iliki hulimwa chini ya kivuli cha miti ya msitu. Wachuuzi wengine hupanda na Noah za asubuhi na kushuka nazo jioni. Anayelala kijijini ndiye anayeuona mzigo ukiwa bado juani, anauonja, anauliza bei bila haraka. Nyumba za wageni huko ni za kuhesabu, na si kila kijiji kinayo. Nimelala sana kwenye kiti cha Hilux miguu ikiwa juu ya dashibodi, na mgongo wangu una kumbukumbu.

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani inapanda msituni kwa kona, na matawi yameinama juu yake. Lori likipita unasikia majani yanavyochunwa. Sanduku lenye kuta ngumu, la mtu kusimama ndani, lingenifikisha karibu mita tatu kutoka ardhini. Hili likilala juu ya Hilux ni mita 2.4. Hiyo peke yake ndiyo iliyonifanya nisimame Pongwe na kulitazama mara ya pili.

Hilux yangu ni ya kebini moja, ya dizeli, ya miaka ya 1990, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Imebeba machungwa, imebeba saruji, imebeba bibi harusi.

Kila fundi aliyekuja kutazama alianza na futi kamba upande wa mapana. Inaeleweka. Bodi la pikapu kubwa ya Kimarekani limepangwa ili karatasi nzima ya plaiwudi, futi nne kwa nane, ilale bapa sakafuni katikati ya matuta ya matairi, yale yanayopanda ndani ya bodi kulifunika tairi. Kwenye Ford ya aina ile nafasi hiyo ni kama sentimita 129. Waliotengeneza kempa wakafuata hesabu hiyohiyo: sehemu ya chini inayozama bodini ina mapana ya plaiwudi moja, sentimita 122, na urefu wa plaiwudi moja, 244, ikishavuka kingo za bodi inatanuka kwenda nje. Plaiwudi za madukani hapa nazo ni futi nne kwa nane, kwa hiyo seremala wa Ngamiani alipokunjua futi yake hakumaliza hata kupima. "Hili halijachorwa," akasema, "limekatwa dukani." Kwenye Hilux yangu, kati ya tuta na tuta, ni sentimita 110.

Basi mabishano yakaanza. Seremala alitaka kulipunguza sanduku, sentimita saba kila ubavu. Fundi wa kuchomelea alitaka kuyakata matuta ya Hilux, kama vile tairi halipandi linapokutana na shimo. Wote wawili walikuwa wanamweleza mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimwita aje kubeba tu. Yeye anaitikia kwa kichwa, na wakimaliza ananigeukia: "Dada, umesikia?"

Wa tatu alikuwa mtu mzima anayejenga mabodi ya malori. Alizunguka gari, akachungulia chini, akagonga bodi la Hilux kwa kidole. "Litoe lote, mama. Hili ni karai tu." Ushauri wake ulikuwa kuliondoa bodi la kiwandani na kuweka bodi bapa la chuma juu ya chesisi, lipite juu ya matairi. Hapo hakuna matuta tena, na sehemu ya chini ya sanduku inakaa na mapana yake yote.

Niliupenda ushauri huo kwa sababu nyingine kabisa. Bodi la pikapu pamoja na mlango wake wa nyuma ni zaidi ya kilo mia moja za bati, na kempa ikishakaa juu yake halikubebei chochote: sanduku lina kuta zake. Kulipunguza sanduku maana yake ni kukata kila ubao wa fremu, kila benchi, na ujia ambao tayari ni wa mtu mmoja kupita kiubavu, ili tu ulinde bati usilolihitaji. Gharama ya bodi bapa ni kimo. Sakafu inapanda, kwa kuwa lazima ibaki nafasi ya tairi kupanda springi zinapojikunja, na mzigo uliopanda juu unayumba zaidi kwenye kona. Lakini paa la turubai ni jepesi. Uzito mwingi wa kempa hizi uko chini ya kiuno.

Mapana, hata hivyo, ndiyo shida ndogo. Futi kamba inakuonyesha kama sanduku litaingia. Haikuonyeshi kama gari litaendeka. La kuuliza ni uzito unaangukia wapi ukilinganisha na ekseli ya nyuma. Wapakiaji wa machungwa Muheza wanalijua hili bila kuandika: magunia mazito yanasukumwa mpaka yaguse kebini, na anayepakia mkiani anafokewa. Uzito ukikaa mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli zote mbili zinagawana. Ukikaa nyuma yake, unageuka kuwa wenzo: nyuma inabeba zaidi ya mzigo wenyewe, na mbele inanyanyuliwa. Usukani unakuwa mwepesi, na wepesi huo dereva mgeni huupenda mpaka afike kwenye kona yenye tope.

Ford ile yenye bodi refu ina mita 3.38 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hilux yangu ina 2.85. Kwa hiyo mzigo uleule, ukikaa umbali uleule nyuma ya ekseli, unainyanyua Hilux zaidi, na Hilux yenyewe ni nyepesi zaidi kuanzia mwanzo. Kempa nyingi za Kimarekani huja na kibandiko kinachoonyesha uzito na mahali kitovu cha uzito kilipo. Changu kilikuwa kimefutika kwa jua, au kwa sharubati.

Kitovu hakihitaji kibandiko. Tulilaza bomba la chuma la inchi mbili kwenye sakafu ya saruji, sanduku likakingamishwa juu yake, vijana wakashika pembe, tukalisogeza mbele na nyuma hadi likatulia bila kuegemea upande wowote. Pale lilipogusa bomba nikapiga mstari wa chaki. Ulikuwa sentimita 118 kutoka ukuta wa mbele wa sehemu ya chini. Kwenye gari, kutoka mgongo wa kebini mpaka katikati ya gurudumu la nyuma ni sentimita 105. Weka sentimita tano za nafasi kati ya sanduku na kebini, na kitovu kinaangukia sentimita 18 nyuma ya ekseli. Sanduku lilikuwa na kilo 470. Zidisha kwa 18, gawa kwa 285: karibu kilo 30 zinaondoka kwenye magurudumu ya mbele, na hiyo ni kempa tupu, bila maji, bila gunia, barabara ikiwa tambarare. Kwenye mpando wa Amani masika, naihitaji kila moja ya hizo thelathini.

Kuanzia hapo kila uamuzi ulipimwa kwa maswali mawili: kitu hiki kina kilo ngapi, na kiko upande gani wa mstari wa chaki.

Mashine ya gesi ya kupasha joto ilikuwa karibu kabisa na mlango wa nyuma. Fundi umeme aliitazama akauliza hawa watu walidhani wanakwenda wapi. (Lushoto mwezi wa saba ungeishukuru, tuseme ukweli, lakini blanketi lina kilo mbili.) Ikatoka. Jokofu, la aina ile inayotumia gesi au umeme na inayotaka gari lisimame sawasawa ndipo lipoe vizuri, nalo lilikuwa nyuma, likatoka. Nyaya zote za umeme wa nje zikatoka, maana zilifungwa kwa volti 120 za Marekani na huku tunatumia 230. Tangi la maji likatoka. Sinki likabaki, kwa sababu mama yangu alilisifia.

Kuoza kulikuwa kwingi kuliko nilivyoonyeshwa na ile kaunta ya Pongwe. Fremu ilikuwa ya mbao nyembamba zilizopigwa pini, juu yake ngozi ya bati la alumini. Maji yaliingia kwenye ukingo wa paa, yakateremka ndani ya ukuta bila kuonekana, yakatulia chini. Sentimita sita za chini, kuzunguka sanduku zima, bisibisi ilizama mpaka mpini. Hapo kuna jambo lililonifurahisha. Sehemu ya kitanda, inayotokeza mbele juu ya kebini, ilipimwa kwa Ford. Juu ya bodi bapa la Hilux ingeelea sentimita 14 kutoka paa la kebini. Nafasi lazima iwepo, kwa sababu kebini na bodi kila kimoja kinatikisika kivyake barabara ikiharibika, lakini 14 ni kuukaribisha upepo uingie na kusukuma juu. Tukakata zile sita zilizooza, zikabaki nane. Ubovu na kipimo vilikubaliana.

Kwenye mbao mpya nilivutana na seremala. Yeye alitaka msaji wa Longuza, na anayejua mbao hawezi kumlaumu: msaji hauogopi maji, na shamba lenyewe liko hapo Muheza. Mimi nilitaka paini ya Shume, iliyokaushwa vizuri, kwa sababu ni nyepesi na fremu ya kempa ina mbao nyingi kuliko unavyodhani ukiitazama kwa nje. Tulimalizana hivi: msaji kwa mbao mbili za chini zinazokalia bodi na kupigwa na maji ya matairi, paini kwa zote zinazobaki. Aliipaka dawa ya wadudu huku amenuna.

Paa sikulikata. Mtu akikuuliza kempa kuukuu ina thamani gani, mwambie ni paa na zile mbao mbili za bawaba. Kuta anaweza kuzijenga fundi yeyote mwenye pembe mraba, lakini paa pana lililonyooka, jepesi, lenye bati la kipande kimoja, ni kazi ya kiwanda. Kwa sababu ya paa hilo sanduku lilibaki na urefu wake wa sentimita 244, na bodi bapa likajengwa kulifuata.

Kwa ajili ya kuvuja nilimleta mtu wa majahazi kutoka Deep Sea. Mafundi magari wa hapa wana dawa moja ya kuvuja, silikoni, na wanaipaka mpaka kitu kinang'aa. Huyu mzee alipanda ngazi na ndoo ya maji, akamwaga kidogokidogo kuanzia chini kwenda juu, ukingo baada ya ukingo, huku mjukuu wake yuko ndani anapiga kelele akiona tone. Maji yalikuwa yanaingilia mbele, zaidi ya hatua moja kutoka katikati, yalipoonekana kudondoka. Kisha akakwangua silikoni yote ya zamani, kazi ya kuchosha kuliko zote, kwa kuwa hakuna kinachoshika juu yake, si rangi wala gundi. "Chombo kinacheza," aliniambia, "na kalafati, kile kinachoziba maungio, lazima icheze nacho." Tukatumia gundi ya mpira ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, inayobaki laini ikikauka.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha unga mweupe kuzunguka kila skrubu. Skrubu zilikuwa za chuma, bati ni alumini, na katikati yake miaka ya hewa ya chumvi. Vitu viwili hivi vikigusana penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu zikatoka zote, zikaingia riveti za alumini zenye washa za mpira, na popote sanduku linapokutana na chuma cha bodi tuliweka mbao na kipande cha mpira. Ukiishi Arusha unaweza kuiruka hatua hii. Ukiishi Raskazone usithubutu.

Turubai la zamani lilikuwa la plastiki, limepasuka kila lilipokunjika. Fundi wangu wa turubai hushona vifuniko vya malori na viti vya daladala, na alikataa kupima kempa. Alilifumua lile kuukuu mshono kwa mshono, akavitandaza vipande kwenye mkeka, akavikatia vipya juu yake. Tulichagua pamba nzito. Inapumua, na ukilala pwani mwezi wa pili, joto la kaskazi likiwa limekaa juu yako, plastiki ni adhabu. Ubaya wa pamba ni ukungu: ukifunga paa likiwa limelowa, kesho ufungue hata kama umefika nyumbani. Alilikata kubwa kidogo kuliko kipimo, kwa kuwa pamba hunywea ikinyeshewa mara ya kwanza. Madirisha matatu ya neti, mapana kuliko ya mwanzo, yenye vifuniko vya kukunja. Na kitu ambacho sikukijua: kamba ya mpira inayozunguka turubai kwa ndani, katikati ya kimo, inayolivuta lijikunje kuelekea ndani paa linaposhuka. Bila hiyo kitambaa kinabanwa kwenye ukingo na kutoboka palepale kila siku.

Bodi bapa lilijengwa na yule mzee wa malori, na hapo nilitazama zaidi ya kusema. Hakuchomelea chochote kwenye chesisi. Kijana wake alitaka kuchomelea, ni haraka, lakini joto la kuchomelea hukidhoofisha chuma cha chesisi na ufa huanzia hapo. Alilaza ubao wa msaji juu ya kila mkono wa chesisi, akaweka vyuma vya kukingama juu yake, akavibana kwa yu-bolti. Mbele alikaza sana. Nyuma aliweka springi fupi chini ya nati, ili chesisi ikijipinda kwenye mashimo bodi lisijipinde nayo. Malori ya mizigo hufungwa hivyohivyo. Kempa ikafungwa kwenye bodi kwa minyororo minne yenye skrubu za kukazia, na kila mnyororo umeshika bamba lililopitisha bolti mpaka upande wa pili.

Springi za nyuma tuliongeza jani moja kila upande, na matairi ni ya kubebea mzigo. Kuna wanaodhani jani la springi linaongeza uwezo wa gari. Linazuia mkia usiiname. Ekseli, beringi na breki ni zilezile, na kibati cha uzito kwenye mlango hakibadiliki.

Umeme na gesi havikuchukua muda. Mtungi wa kilo sita uko kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nje tu, chenye matundu sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja lazima ipate njia ya chini. Betri ni ya lithiamu, amperi-saa 100, kama kilo 13 badala ya karibu 30 za betri ya kawaida ya ukubwa huo. Ni ghali, lakini nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kununua kilo zisizokuwepo. Imekaa mbele kabisa, nyuma ya kebini, pamoja na madumu mawili ya maji ya lita 20. Paneli ya sola sikuifunga kwenye paa. Ina kilo saba, na hizo ni kilo ningeziinua kwa mgongo kila jioni. Naitoa chini ya kitanda na kuiegemeza kwenye boneti.

Kwenye mizani tulikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alipoona sanduku linaingia langoni akauliza nauza kilo bei gani. Kilo 330, na madumu yakiwa matupu. Kwenye bomba kitovu kilikuwa kimehama mpaka sentimita 92, yaani, juu ya gari, sentimita nane mbele ya ekseli. Tukapima magurudumu ya mbele peke yake, kwanza bila sanduku, kisha na sanduku: yaliongezeka kilo chache. Hayakupungua. Kwa nafsi yangu hapo ndipo kazi ilipokwisha, ingawa kuta zilikuwa bado hazijapakwa rangi.

Imeshapanda Amani kwenye vumbi na kwenye tope. Inayumba kwenye kona kuliko pikapu tupu na nimejifunza kuingia taratibu. Matawi yanapapasa paa bila kulichuna. Kwenye njia ya Segera, lori likikupita upande wa pili unausikia upepo wake kwenye usukani, lakini gari halihami. Askari wa barabarani alinisimamisha akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni mzigo. "Umefungwa?" Akavuta mnyororo mmoja, akainama akaona bolti zilivyopita, akauliza kama kuna mtu ndani. Hakuna, na hawi mtu humo gari likitembea. Mdogo wangu aliomba, nikamkatalia.

Iliki, nayo, imenifundisha kulala na dirisha wazi. Magunia mawili chini ya benchi, na hata chai yako ina ladha hiyo kwa wiki nzima.

Wanaonijia sasa wengi wana Hilux za dabo kebini na wamesikia kwamba kuna kempa au tela kuukuu mahali fulani, Horohoro, Korogwe, uani kwa mjomba. Wanataka kujua bei ya turubai. Nawaambia turubai lisubiri. Kwanza pima kutoka mgongo wa kebini mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Kebini ya pili imekula nafasi ya mzigo, bodi limebaki na mita moja na nusu, na sanduku la mita 2.44 litaning'inia nyuma kwa sehemu kubwa. Kijana mmoja wa Chumbageni aliniletea namba yake imeandikwa kiganjani: 65. Nikamwonyesha kwamba sanduku langu, hata likibanwa na kebini kama nilivyolibana mimi, kitovu chake kingekaa sentimita 32 nyuma ya ekseli yake, na hapo nimeshatoa jokofu na kila kitu. Akatoa simu akapiga hesabu mwenyewe, akairudia, kisha akaniuliza kama namjua mtu anayeuza kebini moja.